Kutoka Chumba cha Mashine hadi Rafu ya Duka: Historia ya Vihifadhi vya Mtandao vya Nyumbani na vya Biashara Ndogo, 1956–2024

1.0 Utangulizi

Kihifadhi cha mtandao ni kisanduku chenye diski moja au zaidi, kichakataji na mfumo endeshi wake chenyewe, ambacho huunganishwa kwa waya na ruta au swichi ya nyumba au ofisi ili kompyuta na simu zilizomo katika mtandao huo ziweze kuweka na kuchukua faili humo. Diski ya kubebeka humtumikia mwenye kompyuta moja kwa wakati mmoja. Kihifadhi cha mtandao huwatumikia wote waliomo, kama mtungi wa maji uliowekwa uani. Studio za picha, ofisi za mawakili, zahanati, maduka ya dawa na familia zenye picha za miaka mingi ni miongoni mwa wanaokitumia.

Maandishi mengi kuhusu vifaa hivi hutoka kwa wauzaji na kwa mafundi. Wauzaji hueleza ukubwa na kasi, na mafundi hueleza namna ya kuviunga. Katika maelezo ya aina zote mbili swali la kihistoria hubaki pembeni: ni nani aliyekuwa na wajibu wa kuitunza data katika kila kipindi, na wajibu huo ulihamaje kutoka mkono mmoja kwenda mwingine?

Insha hii inajenga hoja kwamba tangu mwaka 1956 mashine ya kuhifadhi data ilipungua ukubwa na bei kwa kiasi kikubwa mno, lakini kazi ya kuitunza data haikupungua kwa kiasi hicho. Kazi hiyo ilihama kutoka kwa mafundi walioajiriwa kwenda kwa mwenye duka na mwenye nyumba, na mara nyingi ilihama kimyakimya. Hasara zilizotokea kati ya mwaka 2007 na 2022 hueleweka vyema zaidi zikitazamwa kwa jicho hilo. Sehemu kubwa ya historia hii ilitokea Marekani, Australia na Taiwan, na insha inaifuata huko. Sehemu ya saba inaitazama Afrika Mashariki, ambako vifaa hivi vilikutana na mazingira ya umeme, ya mawasiliano na ya sheria yenye masharti yake.

2.0 Diski na Mtunzaji Wake, 1956–1980

Mwezi Septemba 1956 kampuni ya IBM ilitangaza mfumo wa 305 RAMAC, uliobuniwa katika maabara yake ya San Jose, California, na timu iliyoongozwa na Reynold Johnson. Ndani ya mfumo huo kilikuwamo kifaa cha IBM 350, kinachotambuliwa kuwa diski ngumu ya kwanza kuingia katika biashara. Kilikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na kipenyo cha inchi 24. Kilihifadhi takribani herufi milioni 5, na uzito wake ulizidi tani moja. Mfumo mzima ulikodishwa kwa takribani dola 3,200 kwa mwezi.

Ukodishaji huo una maana kubwa kwa mada hii. Mteja alilipia mashine pamoja na huduma ya mafundi wa kampuni walioifika, kuisafisha na kuitengeneza. Katika vyumba vya mashine vya miaka ya 1960 na 1970 diski haikuwahi kuachwa peke yake. Kulikuwa na waendeshaji wa zamu, kulikuwa na tepu za sumaku za kunakilia data, na taasisi zenye uangalifu ziliweka baadhi ya tepu hizo nje ya jengo. Gharama ya mtunzaji ilifichwa ndani ya gharama ya mashine, kiasi kwamba ilikuwa rahisi kudhani kuwa usalama wa data ni sifa ya mashine yenyewe.

Utengano wa diski na mtunzaji wake ulianza pale diski ilipopungua ukubwa. Mwaka 1979 Alan Shugart na Finis Conner walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Seagate. Mwaka 1980 kampuni hiyo ilitoa diski ya ST-506, yenye uwezo wa megabaiti 5 na umbo lililotosha katika nafasi ya kisomeo cha diski laini ya inchi 5.25. Uwezo huo ulikaribiana na ule wa RAMAC. Kilichokuwa kikihitaji chumba, kiyoyozi na mafundi sasa kiliweza kubebwa kwa mikono na mtu mmoja na kuwekwa mezani. Mafundi hawakuja nacho.

3.0 Kushirikiana Diski Moja, 1973–1992

Diski za kwanza za kompyuta ndogo zilikuwa ghali, na kwa sababu hiyo ofisi nyingi hazikuweza kuiwekea kila kompyuta diski yake. Suluhisho lilikuwa kushirikiana diski moja kupitia waya. Msingi wa kiufundi ulikwisha kuwekwa katika kituo cha utafiti cha Xerox mjini Palo Alto, ambako Robert Metcalfe alieleza wazo la Ethernet katika waraka wa Mei 1973 na kuliendeleza pamoja na David Boggs.

Kampuni ya Novell ilitoa NetWare mwaka 1983. Kwa mfumo huo kompyuta moja ilitengwa kuwa seva, na nyingine zote ziliomba faili kwake. Upande wa kompyuta za Unix, kampuni ya Sun ilibuni itifaki ya NFS mwaka 1984, na maelezo ya toleo lake la pili yalichapishwa hadharani Machi 1989, hatua iliyowawezesha watengenezaji wengine kuitumia. Kompyuta za DOS na baadaye Windows zilitumia itifaki nyingine, SMB, iliyoanzia IBM na kuendelezwa na Microsoft. Pakawa na lugha mbili za faili ambazo hazikuelewana.

Daraja lilijengwa Canberra, Australia. Mwishoni mwa mwaka 1991 Andrew Tridgell, wakati huo akiwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, alitaka kompyuta yake ya DOS isome diski ya mashine ya Unix. Alichunguza ujumbe uliopita katika waya na kuandika programu iliyojibu kama seva ya DOS ingalivyojibu. Programu hiyo ilitolewa kwa umma mwanzoni mwa mwaka 1992, na baadaye ikapewa jina la Samba, neno alilolipata kwa kutafuta katika orodha ya maneno lile lenye herufi s, m na b kwa mpangilio huo. Umuhimu wake kwa biashara ndogo haukuonekana mara moja. Kwa kuwa ilikuwa programu huria, mtengenezaji yeyote aliweza kuunda kisanduku cha bei ya chini kilichozungumza na Windows bila kununua leseni ya mfumo wa seva. Vihifadhi vingi vya mtandao vya nyumbani vilivyofuata viliitumia Samba.

4.0 Hesabu ya Berkeley na Kutoeleweka Kwake

Nguzo ya pili ya kihifadhi cha mtandao ni mpangilio wa diski nyingi unaoitwa RAID. David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliuwasilisha katika makala ya mwaka 1988. Hoja yao ilikuwa ya kiuchumi: diski nyingi ndogo za kompyuta binafsi zingeweza kuchukua nafasi ya diski moja kubwa ya kompyuta kuu kwa bei nafuu na kasi kubwa zaidi. Kikwazo kilikuwa uimara. Walikokotoa kwamba ikiwa diski moja hudumu kwa wastani wa saa 30,000 kabla ya kuharibika, basi katika kundi la diski 100 moja itaharibika kila baada ya saa 300, yaani chini ya wiki mbili. Kwa hiyo ilibidi kundi liwe na ziada ya data ya kufidia diski iliyokufa.

Namna ziada hiyo inavyofanya kazi inaweza kuelezwa kwa mfano wa mfanyabiashara mwenye madaftari matatu ya mauzo na daftari la nne lenye jumla ya mistari inayolingana ya madaftari hayo. Daftari moja likiungua, tarakimu zake hupatikana kwa kutoa yale mawili yaliyosalia kutoka katika jumla. Yakiungua mawili kwa pamoja, jumla haitoshi. Na mwenye duka akifuta mstari kwa makosa kisha karani akasahihisha jumla ilingane, daftari la nne litaitunza kwa uaminifu hesabu iliyokwisha kuharibiwa.

Mfano huo unaonyesha mpaka wa RAID. Hukinga dhidi ya kifo cha diski na huiwezesha kazi kuendelea bila kusimama. Haikingi dhidi ya faili iliyofutwa, programu hasidi, wizi, moto wala radi, kwa sababu matukio hayo huzifikia diski zote kwa wakati mmoja. Watafiti wa Berkeley walikuwa wakizungumzia mbadala wa diski moja kubwa, na katika vyumba vya mashine vya wakati wao diski hiyo kubwa ilikuwa na tepu zake pembeni. RAID iliposhuka hadi nyumbani, tepu zilibaki juu. Hata jina lilibadilika njiani: neno la Kiingereza lililomaanisha diski za “bei nafuu” lilikuja kubadilishwa katika matumizi ya kibiashara likawa lenye maana ya “zinazojitegemea”. Sababu ya awali ya ubunifu huo ikafifia, na mnunuzi wa kawaida akabaki na hisia kwamba diski mbili ni sawa na usalama.

5.0 Kihifadhi Kinaingia Nyumbani, 1992–2010

Mwaka 1992 David Hitz, James Lau na Michael Malcolm walianzisha kampuni ya Network Appliance, ambayo baadaye iliitwa NetApp. Wazo lao lilikuwa kwamba seva ya faili iwe chombo cha kazi moja, kinachowashwa na kufanya kazi bila mwenyewe kuhitaji kukijua kwa undani. Wateja wao walikuwa makampuni, lakini wazo lilishuka. Mwaka 1998 kampuni ya Cobalt Networks ilitoa Qube, mchemraba wa buluu uliotumia Linux na kuendeshwa kupitia kivinjari cha intaneti. Ofisi isiyo na fundi iliweza kuwa na seva yake.

Mambo matatu yaliharakisha kushuka huko. La kwanza lilikuwa mtandao: kiwango cha Ethernet ya gigabiti moja kwa sekunde kupitia waya za kawaida za shaba kilipitishwa mwaka 1999, na bei ya swichi zake ikashuka katika miaka iliyofuata. Kwa kasi hiyo data husafiri kwa kiwango kisichozidi megabaiti 125 kwa sekunde, ambacho diski ngumu moja ya kisasa huweza kukijaza. La pili lilikuwa ukubwa wa diski: Januari 2007 kampuni ya Hitachi ilitangaza diski ya terabaiti 1. La tatu lilikuwa programu huria, yaani Linux na Samba.

Mwaka 2004 ni wa kukumbukwa. Kampuni ya Linksys ilitoa NSLU2, kisanduku kidogo kisicho na diski ndani, chenye matundu mawili ya USB ambamo mtumiaji alichomeka diski zake. Kwa kuwa kilitumia Linux, wapenzi wa kompyuta walikifungua, wakabadilisha programu zake na kukipa kazi ambazo mtengenezaji hakuzifikiria. Mwaka huohuo ilianzishwa Taiwan kampuni ya QNAP, iliyoungana sokoni na Synology, iliyoanzishwa huko mwaka 2000. Kampuni hizo mbili zikawa miongoni mwa majina makubwa ya vihifadhi vya nyumbani na vya ofisi ndogo duniani.

Pembeni mwa soko la vifaa vilivyo tayari palikua utamaduni wa kujiundia. Mwaka 2005 Olivier Cochard-Labbé alianzisha FreeNAS, mfumo huria uliogeuza kompyuta kuukuu kuwa kihifadhi. Mwaka huohuo Sun iliufungua kwa umma mfumo wa faili wa ZFS, unaoandika alama ya uhakiki kwa kila kipande cha data ili uharibifu wa kimyakimya ugundulike wakati wa kusoma. Mwaka 2010 kampuni ya HP ilitoa ProLiant MicroServer, seva ndogo yenye nafasi nne za diski, na wengi waliojiundia vihifadhi waliipenda. Waliojiundia walilazimika kujifunza, na kwa kujifunza waligeuka kuwa watunzaji. Walionunua kisanduku kilicho tayari waliahidiwa kwamba hawatahitaji kujifunza.

6.0 Mtunzaji Aliyekosekana, 2007–2022

Ahadi hiyo ilijaribiwa mapema. Novemba 2007 Microsoft ilitoa Windows Home Server, mfumo uliounganisha diski za ukubwa tofauti kuwa hifadhi moja. Muda mfupi baadaye ilibainika kwamba katika seva zenye diski zaidi ya moja, baadhi ya faili zilizohaririwa moja kwa moja kutoka kwenye seva ziliweza kuharibika. Marekebisho yalitolewa Julai 2008. Kwa miezi kadhaa kifaa kilichonunuliwa kwa ajili ya usalama wa faili kilikuwa chanzo cha hatari kwa faili hizohizo.

Hatari iliyofuata ilitoka nje. Kadiri watengenezaji walivyowarahisishia wateja kufikia faili zao wakiwa mbali na nyumbani, ndivyo vihifadhi vilivyozidi kuwekwa wazi kwenye intaneti. Agosti 2014 programu hasidi ya SynoLocker ilizifunga faili katika vifaa vya Synology ambavyo havikuwa vimesasishwa, ikadai fidia. Januari 2022 programu ya Deadbolt ilifanya vivyo hivyo kwa vifaa vya QNAP, ikidai bitcoin 0.03 kwa kila mwathirika.

Tukio linaloeleza zaidi ni la Juni 2021. Wamiliki wa My Book Live, kifaa kilichotolewa na Western Digital mwaka 2010, walikuta vifaa vyao vimerudishwa katika hali ya kiwandani na data yao yote imefutwa. Sasisho la mwisho la programu ya kifaa hicho lilikuwa la mwaka 2015, na udhaifu mmojawapo ulikuwa umekwisha kuorodheshwa hadharani mwaka 2018. Uchunguzi ulionyesha pia kwamba sehemu ya programu iliyopaswa kudai neno la siri kabla ya kufuta kila kitu ilikuwa imezimwa. Kampuni ilitoa huduma ya kurejesha data kwa walioathirika, lakini swali la kihistoria linabaki. Kwa miaka sita diski zilizunguka bila hitilafu, taa zikawaka, na mwenyewe akaamini kwamba kuna anayeangalia. Mtengenezaji alikwisha kuacha kuangalia, na mwenyewe hakujua kwamba zamu ilikuwa yake.

Aprili 2020 ilidhihirika jambo la namna nyingine. Baadhi ya diski za WD Red za terabaiti 2 hadi 6, zilizouzwa mahususi kwa vihifadhi vya mtandao, zilitumia mbinu ya kupandanisha njia za maandishi kama vigae vya paa. Mbinu hiyo huongeza ujazo lakini hupunguza kasi ya kuandika mfululizo, na ndiyo kazi hasa inayofanyika diski iliyokufa inapobadilishwa na kundi kujengwa upya. Wateja hawakuwa wameelezwa. Baada ya malalamiko, kampuni iliorodhesha diski zinazohusika na kutenganisha majina ya bidhaa zake. Maarifa ambayo fundi wa chumba cha mashine angeyapata kutoka kwa mwajiri wake, mwenye duka aliyapata kutoka kwa wateja wenzake.

Jibu la watumiaji kwa matatizo haya halikuanzia kwa watengenezaji wa vihifadhi. Mpigapicha wa Marekani Peter Krogh, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu utunzaji wa picha za kidijitali, alieneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu za kila faili, katika aina mbili za vyombo, na moja iwe nje ya jengo. Kanuni hiyo ni utaratibu wa zamani wa tepu uliotafsiriwa kwa ajili ya mtu asiye na fundi.

7.0 Vifaa Hivi katika Mazingira ya Afrika Mashariki

Kabla ya Julai 2009, mwambao wa Afrika Mashariki ulitegemea satelaiti kwa mawasiliano ya intaneti na nchi za ng'ambo. Mkongo wa baharini wa Seacom ulianza kazi mwezi huo ukipita Mombasa na Dar es Salaam, na EASSy ulifuata mwaka 2010. Hivyo hifadhi ya wingu ilianza kuwa chaguo halisi katika eneo hili wakati vihifadhi vya mtandao vimekwisha kukomaa kwingineko. Hesabu nyepesi inaonyesha kwa nini vyote viwili vina nafasi. Terabaiti 1 ikipelekwa nje kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua zaidi ya siku tisa; ndani ya ofisi yenye swichi ya gigabiti, kwa megabaiti 100 kwa sekunde, huchukua chini ya saa tatu. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya Seacom na EASSy ilipopata hitilafu kwa pamoja, huduma za intaneti zilidhoofika Tanzania, Kenya na nchi jirani. Ofisi iliyokuwa na faili zake katika kihifadhi cha ndani iliweza kuendelea kuzifungua.

Kwa upande mwingine, vifaa hivi vilibuniwa kwa kudhani kwamba umeme haukatiki mara kwa mara. Umeme unapokatika katikati ya kuandika, data iliyo katika kumbukumbu ya muda hupotea, na kundi la diski huweza kubaki na jumla isiyolingana na madaftari yake. Kwa hiyo UPS ni sehemu ya kihifadhi katika mazingira haya, ikiunganishwa kwa waya wa USB ili ikiamuru kifaa kujizima kwa utaratibu kabla betri haijaisha.

Sheria nayo imelijibu swali la mtunzaji. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zinamtaka anayekusanya taarifa za watu kuchukua hatua za kuzilinda. Zahanati yenye majalada ya wagonjwa katika kisanduku kilicho juu ya rafu haiwezi kuutupa wajibu huo kwa muuzaji wa kisanduku.

8.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba kihifadhi cha mtandao kiliundwa kutokana na vitu vitatu vilivyoshuka kutoka katika taasisi kubwa: diski, itifaki za kushirikiana faili, na hesabu ya RAID. Kila kimoja kilishuka bila utaratibu wa utunzaji uliokizunguka kilipozaliwa. Hasara za 2007 hadi 2022 zilikuwa na sababu tofauti za kiufundi, lakini zote zilipenya katika nafasi ileile iliyoachwa wazi na mtunzaji.

Mambo mawili yanafuata. Kwanza, historia ya teknolojia ndogo isiandikwe kwa kuhesabu megabaiti na bei pekee. Kazi ya binadamu iliyoondolewa nayo ihesabiwe. Pili, kwa mwenye biashara ndogo, swali la kuulizwa kabla ya kuuliza idadi ya diski ni nani katika ofisi atakayesasisha programu, atakayetoa nakala nje ya jengo, na atakayejaribu kuirejesha faili moja kutoka katika nakala hiyo ili kuthibitisha kwamba inarejesheka. Katika miaka ya RAMAC mtu huyo alikuwa na cheo na mshahara. Ofisi inayoandika jina lake katika orodha ya majukumu inairejesha kazi hiyo mahali ilipokuwa kabla mashine haijawa ndogo kiasi cha kusahaulika.